Alevuke Kwanza

Siku ya mnada wa ng'ombe mimi sivai hereni. Mwanamke mmoja alishanichana sikio akimtetea mumewe asichomwe sindano, na tangu hapo nywele nazifunga kitambaa, miwani naiacha kwenye droo, na mkasi siuweki mahali ambapo mkono wa mgonjwa unaufikia. Wenzangu wanaohamia kutoka mijini wananicheka. Wanacheka wiki za mwanzo tu, halafu na wao hereni zinabaki nyumbani.

Mimi ni tabibu. Nimezaliwa Mbulu, kule juu kwenye baridi, kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage wenye ng'ombe wachache zizini, na kazi ndiyo iliyoniteremsha huku Hanang, kwenye kituo cha afya cha upande wa tambarare. Watu wananiita daktari. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, nikachoka, sasa naitika tu. Upole sina. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na kwa kazi hii namshukuru Mungu sijaikunjua.

Na walevi siwapendi. Nalisema hili wazi ili mtu asije akanidhania malaika. Baba yangu alikuwa mtu wa kanisa Jumapili asubuhi na mtu wa kilabuni siku zote zilizobaki. Akirudi anaimba, tulikuwa salama. Akirudi kimya, tulitoka kwa mlango wa zizini tukalale kwa jirani. Siku moja mama hakuwahi kutoka. Alirushiwa kigoda, mkono ukavunjika, na mkono ule haukunyooka tena mpaka tunamzika. Hakuna mzee aliyemwita baba kikaoni. Hakuna aliyemwambia kitu. Kila mtu alisema, aah, si yeye yule, ni pombe. Maneno hayo nayachukia mpaka leo.

Lakini kumchukia mtu ni jambo moja, na kumwacha afe ni jingine. Kitu cha kwanza ninachowaambia vijana wanaokuja kwetu mafunzoni ni kwamba wasiiamini pua. Harufu ya pombe ni shahidi wa uongo. Ikishaingia chumbani kila mtu anaona ameshaujua ugonjwa: huyu kalewa, mlazeni pale pembeni, ikimtoka ataondoka mwenyewe. Nimeona mtu kalazwa pembeni hivyo hivyo, anakoroma vizuri kabisa, kumbe fuvu limepasuka na damu inajaa ndani. Nimeona aliyelewa kweli akatapika akiwa chali, matapishi yakaingia kifuani, akakata roho huku ndugu zake wako nje wanamcheka. Nimeona waliokunywa gongo iliyochanganywa na madudu ya dukani, wanaamka wanauliza mbona hakukuchi, na jua liko juu ya paa. Macho ndiyo yaliyokufa.

Kwa hiyo mlevi akija, nampima kama mtu ambaye hajanywa hata tone. Njia ya hewa kwanza. Anapumua? Anapumua vipi? Kichwa nakipapasa chote, nywele kwa nywele. Mboni za macho. Joto la mwili. Sukari. Ndipo nasema kalewa, kama nitasema. Muuguzi mwenzangu, mwanaume mnene wa Singida asiyeishiwa mzaha, ananiambia, "Dada, wewe mlevi akija unamkagua kama unamnunua." Namwambia ndiyo, na bei yake ni kaburi. Siku ya mnada mzaha wake ndio unaotubeba. Aliwahi kupokea mgonjwa mwenye sikio lake mwenyewe ndani ya kifuko cha karanga, limeng'atwa na shemeji yake. Akachungulia ndani ya kifuko, akauliza, "Na karanga zenyewe mmekula peke yenu?" Mgonjwa akacheka, damu ikazidi kutoka, nikawafokea wote wawili.

Sasa siku ninayotaka kuisema ilikuwa ya kiangazi, jua kali, upepo wa vumbi unavuma kutoka upande wa Katesh, na mnada uko moto. Mchana ule tulishashona vichwa viwili na kumrudisha mmoja polisi akachukue fomu ya matibabu. Ikaingia toyo getini, zile pikipiki za matairi matatu za kubebea mizigo, inapiga honi bila kupumzika. Nikatoka nje na glavu mkononi, nimeshakasirika kabla sijaona kitu, maana honi ile ilikuwa inaamsha watoto wodini.

Nyuma ya toyo alikuwepo kijana kafungwa kamba. Sisemi kashikiliwa. Kafungwa, mikono na miguu pamoja, kwa kamba ya nailoni ya kufungia ng'ombe, kama ndama anayepelekwa kuchinjwa. Kalazwa chali. Juu ya kifua chake kaketi mwanaume mwingine, mkubwa kwake kidogo, sura moja, mkononi ana chupa ya soda. Na uso wa yule aliyefungwa ulikuwa mweupe wote. Maziwa. Puani maziwa, mdomoni maziwa, machoni maziwa, na kwenye koo kitu kinachemka, gurr, gurr.

Nikaelewa papo hapo, na nikaogopa. Hawa ni watu wa ng'ombe, Wabarabaig wa kule Gehandu. Ng'ombe akila sumu wanamnyanyua kichwa, wanaingiza shingo ya chupa pembeni mwa taya, wanamimina dawa mpaka iishe. Ng'ombe anameza. Nimewaona wakifanya, wana mkono mzuri, hata tone halimwagiki. Na maziwa kwao ndiyo dawa ya kila kilichoingia tumboni kibaya, kwa hiyo wamemfanyia ndugu yao kile ambacho wangemfanyia ndama wao wa thamani. Ila binadamu aliyelewa, aliyelala chali, hamezi. Chupa nzima ilikuwa imekwenda mapafuni.

"Shuka hapo kifuani!" nikapiga kelele.

"Atatuua huyu," akasema mwenye chupa. Huyo alikuwa kaka mtu.

"Wewe ndiye unayemuua! Shuka!"

Hakushuka. Nikamshika shuka lake hapo begani nikamvuta kwa nguvu zangu zote, akaanguka chini na chupa yake. Muuguzi akaja mbio. Tukamgeuza kijana ubavu palepale kwenye toyo, kichwa kikaning'inia, maziwa yakamwagika, yakifuatiwa na matapishi yenye harufu ya gongo kali hata dereva akaruka pembeni. Uso ulikuwa umeanza kuwa wa rangi ya majivu. Nikaleta mpira wa kufyonzea, nikavuta, nikavuta tena. Muuguzi naye akaingiza kidole apanguse kilichobaki shavuni. Jamani! Nimemwambia mara ngapi, kidole hakiingii mdomoni mwa mlevi! Meno yakafunga. Muuguzi akapiga yowe ambalo nadhani lilifika mnadani.

"Ananila! Dada, ananila!"

Nikambana kijana taya mpaka zikaachia. Kidole kikatoka na damu, mfupa haukuvunjika, na kijana akavuta pumzi ndefu ya kwanza. Nilifurahi kuliko nilivyomhurumia mwenzangu. Anayeng'ata yuko hai.

Ndipo nikamwona mzee. Alikuwa kaketi mbele karibu na dereva, mgolole umeloa damu kuanzia kidevuni mpaka magotini. Mdomo wa juu umepasuka katikati, na nyuma ya mpasuko palikuwa na pengo bichi la jino. Alikuwa ananitazama tu, na nikajua anasubiri nini. Huku kwetu hata nyumba ikiungua, mzee anaamkiwa kwanza.

"Shikamoo mzee," nikasema, na glavu zimejaa maziwa.

"Marahaba." Damu ikatoka pamoja na neno. "Huyu ni mtoto wangu. Mponye. Alevuke. Mimi nangoja."

Nilimpenda pale pale. Nikasema moyoni, baba ni huyu, kapasuka mdomo na bado anamtanguliza mwanawe. Nikamwambia aingie ndani akae, nitamshona. Akaingia, akakataa kiti, akasimama miguuni pa kitanda tulipomlaza kijana.

Vidole vya kijana vilikuwa vimeanza kuwa bluu kwa kamba. Kaka mtu akanisihi nisikate. Nikakata. Siwezi kumtibu mtu huku mikono yake inakufa. Kamba ilipolegea tu, kijana akalipuka. Ngumi ya kwanza ilinipata hapa, chini ya titi, nikaenda na toroli la vidonda, vyombo vyote chini, mkojo ulinitoka kidogo na sioni haya kusema. Akapiga teke chuma cha kutundikia dripu kikapinda. Akamshika muuguzi koo. Macho yalikuwa wazi lakini hayamtazami mtu, yanatazama nyuma ya mtu. Alikuwa anaunguruma maneno yasiyo lugha yoyote. Kaka mtu akanyanyua fimbo yake akamtandika muundi, paa! Akanyanyua tena.

"Humu ndani hakuna anayepiga mgonjwa wangu!" nikasema nikiwa bado chini. "Ukimgusa tena na wewe nakulaza!"

Ilitulazimu tuwe wanne pamoja na dereva wa toyo, kila mmoja na kiungo chake, tumemlaza ubavu, tumembana kwa uzito wa miili. Tulihema kama watu wanaovuta gari kwenye matope. Hapo ndipo kaka mtu, kalalia mguu wa mdogo wake, aliponieleza.

Mdogo wake alionekana mnadani anapepesuka, anatukana wanunuzi. Baba yao akaenda kumwambia arudi nyumbani. Akamshika bega. Kijana akageuka akampiga baba yake ngumi ya mdomo. Mbele ya mnada mzima, mbele ya wazee wenzake. Baba akaanguka. Kijana akampiga teke akiwa chini. Kaka mtu akaja na fimbo, akampiga kichwani mpaka akalala, wakamfunga, wakamnywesha maziwa.

"Sisi tulitaka tumwache pale juani," akasema. "Baba ndiye amesema aje hospitali."

"Baba yenu ana moyo," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Hujaelewa, mama. Anataka kumlaani. Laana haisemwi kwa mlevi. Inampita juu, inatafuta mwingine. Ni lazima awe macho, asikie kila neno, ajue anayesema ni baba yake. Ndiyo maana anasema alevuke kwanza."

Nikageuka kumwangalia mzee. Hakukanusha. Alikuwa anafuta damu kidevuni kwa pembe ya mgolole, taratibu, macho kwa mwanawe.

Nikauliza laana hiyo ikisemwa kinatokea nini. Kaka mtu akanijibu bila kuzunguka. Hatakula na mtu. Mke wake atarudi kwao na mtoto anayenyonya. Ng'ombe wake watatolewa zizini. Akifika kwenye boma lolote, maji atanyimwa. Ataondoka na hatatajwa, na akifa huko aliko hakuna atakayemlilia. "Ni kama kufa," akasema, "ila unatembea."

Niseme ukweli wa nafsi yangu hapo. Nusu yangu ilifurahi. Nilimwona mama yangu na mkono wake uliopinda, nikasema, loo, kumbe wapo watu ambao kwao mlevi anajibu! Mlaani, mzee. Mlaani mpaka mizizi. Titi lilikuwa linaniuma, muuguzi kidole kinavuja, na mzee wa watu kasimama na pengo mdomoni. Nilikuwa tayari kumlevusha yule kijana kwa ajili ya hukumu yake.

Nikaanza kumkagua kwa hasira, lakini nikamkagua. Kichwani palikuwa na jeraha refu la fimbo, ngozi imefunguka, mfupa chini yake haukubonyea. Masikioni hakuna damu. Mboni zote mbili sawa, zinasinyaa nikimulika. Vizuri. Nikagusa shingo yake, mkono ukateleza. Nikagusa kifua. Alikuwa kaloa chapachapa, jasho la baridi, kama mtu aliyetolewa kisimani, na alikuwa anatetemeka ndani kwa ndani. Maziwa nilishayafuta. Hili lilikuwa jasho. Nimewashika walevi wengi wakali, wana moto, wamewiva uso. Huyu alikuwa wa baridi.

Halafu akaacha kupigana. Ghafla tu, mguu ukalegea chini ya kaka yake, mkono ukadondoka, akaanza kukoroma.

"Afadhali," muuguzi akasema. "Kalala."

"Hajalala," nikasema. "Lete kipimo cha sukari. Haraka."

Nikamtoboa kidole. Hakushtuka hata kidogo. Mashine ikafikiri, ikaandika herufi mbili tu, ambazo maana yake sukari iko chini mno, mashine haiwezi hata kuihesabu. Nikarudia kwa kidole kingine. Herufi zile zile.

"Huyu mara ya mwisho amekula lini?" nikamuuliza kaka mtu.

Akababaika. Kumbe kijana alikuwa kaondoka tangu juzi kutafuta ndama waliopotea kuelekea Hirbadaw. Alishinda na kulala porini, hakula kitu. Akawapata, akawaswaga moja kwa moja mpaka mnadani, na watu wakampongeza kwa gongo. Tumbo tupu, jua lote lile. "Si mnywaji sana huyu," kaka mtu akasema, na sauti ikamshuka kidogo, kwa sababu alikuwa ameanza kuona usoni kwangu kitu ambacho hakukipenda.

Mwili ukikaa na njaa, ini ndilo linalotoa akiba ya sukari kidogo kidogo ili ubongo usizime. Ukilimwagia gongo, ini linashughulika na gongo, akiba inafungwa. Ubongo unakosa chakula. Mtu anatoka jasho, anatetemeka, anatukana, anapiga yeyote aliye mbele yake, hamjui, na mwisho anazima. Kila anayemwona anasema kalewa huyu. Na kweli kanywa! Ndiyo maana nasema pua ni shahidi wa uongo, inasema nusu.

Sasa kazi ikawa mshipa. Mkono wa kulia, mshipa ukakimbia. Wa kushoto, nikaingia, ukapasuka. Kukoroma kukaanza kuwa na mapengo: anavuta, ananyamaza, unangoja, anavuta tena. Muuguzi alikuwa kashika taya la kijana kulisogeza mbele ili hewa ipite, damu ya kidole chake inadondokea shuka, na mara hii hakuwa na mzaha wowote.

Mzee akasogea. Akainama juu ya sikio la mwanawe, mdomo wake uliopasuka karibu unaligusa.

"Usife," akasema. "Wewe! Usife kabla hujanisikia."

Alilisema kwa lugha yao, ambayo nimejifunza vipande kwa miaka ya kuwashona, na alilisema kwa ukali, kama mtu anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. Kisha akarudia. Mara ya pili sauti haikuwa kali.

Nikamwambia asogee. Nikamwambia pia yale ambayo sikutaka kuyasema, na nilikuwa nayasema huku napapasa mguu wa kijana natafuta mshipa kwenye kifundo. "Mzee, mtoto wako sukari imekwisha mwilini. Mtu wa namna hii hajui anampiga nani. Angempiga mama yake. Angepiga ukuta. Si..." Na hapo ulimi ukanigandia. Si yeye, ni pombe. Maneno yale yale ya kilabuni, ya majirani zetu kule Mbulu, yananitoka mimi, kwa mdomo wangu! Nilijisikia kama namvunja mama mkono mara ya pili.

Mzee akanitazama. "Aliyekunywa ni nani?"

"Ni yeye."

"Kuna mtu alimshika, akamnywesha hiyo gongo?"

"Hapana, mzee. Alikunywa mwenyewe. Lakini kupiga hakukujua."

"Ngumi niliipata mimi," akasema, "na niliijua."

Mshipa wa kifundo ukakubali, damu ikarudi nyeusi kwenye mpira, nikaufunga kwa plasta nyingi kuliko inavyotakiwa. Nikampa vitamini kwanza, kisha glukosi, polepole, maana ile dawa ni nzito, ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Nilikuwa nasukuma na kuhesabu kimoyomoyo, na nilikuwa naomba, na sikujua naomba nini. Akifa, mtoto anayenyonya hana baba. Akiamka, mtoto anayenyonya hana baba vilevile. Mzee alikuwa kashanyooka, kajifunga mgolole wake vizuri begani, kaifuta damu yote usoni iliyofutika. Alikuwa anajiandaa. Kaka mtu naye akavua kofia.

Wanaorudi kwa glukosi hawaamki kama walevi. Mlevi anaamka kwa vipande, leo jicho, kesho mguu. Huyu wa sukari anarudi mzima, kama mtu aliyetoka chumba cha pili. Sindano haijaisha, kukoroma kukakatika. Pumzi ikawa ya kawaida. Akakunja uso, akafungua macho, na sasa yalikuwa yanatazama watu. Alinitazama mimi, akamtazama muuguzi, akaitazama mikono yake yenye alama za kamba. Akajaribu kuketi, nikamzuia, kwa sababu sukari ile hushuka tena na alitakiwa ale, na kifua chenye maziwa kilikuwa bado kinanipa wasiwasi.

Mzee akasogea mpaka mbele yake. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo refu.

Kijana akamwona. Aliuona mdomo, akaona pengo, akaona damu kwenye mgolole. Uso wote ukambadilika. Kabla mimi sijamshika alikuwa ameshanyanyuka kwa kiwiko, mpira wa dripu umekaza mguuni, na ngumi imekunjwa.

"Baba," akasema, "nani amekupiga? Nioneshe. Nani? Namuua leo."

Mzee akaufunika mdomo wake kwa pembe ya mgolole. Kijana akawageukia wengine, akamtazama kaka yake. "Wewe ulikuwa wapi baba anapigwa? Ni nani?"

Kaka mtu akafungua mdomo. "Ni we—"

Kofi la mzee lilimpata shavuni kabla neno halijaisha. Sijawahi kusikia kofi kama lile kutoka kwa mtu wa umri ule. Kaka mtu aligonga ukuta, kofia ikamdondoka mkononi. Mzee akabaki kanyanyua mkono, mdomo umefunguka upya na damu inamtiririka kidevuni, anamtazama mwanawe mkubwa mpaka yule akainamisha kichwa.

"Nilipigwa na ng'ombe," mzee akasema.

"Ng'ombe gani?" kijana akauliza. Alikuwa bado na ngumi. "Wetu?"

"Wa mnadani." Akaketi kwenye kiti alichokuwa amekikataa, kwa uzito, kama aliyesukumwa. "Ameshauzwa. Lala."

Kijana akalala. Nikageuka kumwomba kaka mtu aende akatafute uji, lakini alikuwa ameshatoka nje, kashika shavu.